Jua Liliporudi Skarvnes

Kila asubuhi Eilif ndiye aliyemvalisha mdogo wake. Alianza na soksi za sufu, kisha suruali nzito, koti, kofia na glavu, na mwisho kizibao cha manjano kinachong'aa ili madereva wamwone gizani. Jorid alikuwa na miaka sita na alikuwa mvivu wa kunyoosha mikono.

"Nyoosha."

"Nimenyoosha."

"Huu ni mkono au kamba?"

Zamani Jorid alikuwa akicheka akiambiwa hivyo. Majira ya baridi yale hakucheka. Alimtazama tu kaka yake, kisha akageuza uso dirishani, ambako hapakuwa na cha kutazama isipokuwa taa ya jirani.

Mezani kulikuwa na mkate, jibini ya kahawia, na chupa ya mafuta ya ini la samaki. Skarvnes kila mtu hunywa kijiko cha mafuta hayo wakati wa giza, kwa sababu mwili usiopata jua hudhoofika. Baba yao, Torleif, alikuwa ameshaondoka. Aliendesha gari la kusukuma theluji, na barabara ilipaswa kuwa wazi kabla basi la shule halijapita. Watoto waliondoka nyumbani gizani wakafika shuleni gizani. Karibu na saa sita mchana anga iligeuka bluu kwa muda mfupi, milima ikaonekana kama vivuli, halafu giza likarudi. Ilikuwa Desemba. Katika kijiji kile cha kaskazini kabisa mwa Norwe, jua huondoka mwishoni mwa Novemba na halionekani tena hadi Januari.

Mwaka ule mama yao naye aliondoka. Ragna aliugua kansa tangu majira ya machipuko, na alifia hospitalini mjini wiki ileile ambayo watu wa Skarvnes waliliona jua kwa mara ya mwisho. Siku ya mazishi, Torleif alimpeleka Jorid kwa jirani. "Bado mdogo," alisema. "Ataelewa nini?" Jioni Jorid alipouliza Mama yuko wapi, baba yake alimjibu, "Amekwenda." Kisha akatoka nje kuwasha gari lake, ingawa theluji haikuwa imeanguka.

Tangu siku hiyo Torleif alizungumza kidogo sana. Alipika samaki na viazi, akala bila kuvua koti, akalala kwenye kiti. Jorid aligundua kwamba kumuuliza baba yake ni kazi bure, akahamishia maswali yake kwa Eilif. Amekwenda wapi? Kwa nini hakuniaga? Atarudi lini? Eilif alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila alipoulizwa alisema, "Kula kwanza." Jorid hakula. Mashavu yake yalianza kuingia ndani.

Siku moja darasani Mwalimu Borghild alizima taa zote, akaacha moja ndogo juu ya meza. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyokwaruza kwa sababu ya miaka mingi ya kuwanyamazisha watoto. Alitoa chungwa alilolichoma sindano ndefu ya kufumia, ikapita juu hadi chini.

"Taa ni jua, chungwa ni dunia," alisema. "Dunia ina mizunguko miwili. Wa kwanza, inajizungusha yenyewe kwenye mhimili wake, yaani hii sindano. Upande unaotazama taa ni mchana. Upande uliogeukia mbali ni usiku. Mzunguko mmoja, siku moja. Wa pili, huku ikijizungusha, inalizunguka jua. Ikimaliza safari hiyo, mwaka umeisha."

"Sasa mbona sisi hatuupati huo mchana?" aliuliza Ketil, mvulana aliyekaa nyuma ya Eilif. "Dunia imetusahau?"

Mwalimu aliinamisha sindano. "Angalieni. Dunia haikusimama wima. Imeinama, na huinamia upande uleule mwaka mzima."

"Kama babu akitoka kwenye sherehe," Ketil alisema, na darasa likacheka.

"Babu yako huinamia kila upande, Ketil, nimemwona. Dunia haibadilishi."

Alichomeka pini karibu na ncha ya juu ya chungwa. Akalizungusha polepole. Pini ilizunguka na kuzunguka, lakini mwanga haukuifikia. "Hapa ndipo tulipo sisi sasa hivi. Ncha yetu imeelekea mbali na jua. Dunia inajizungusha kama kawaida, lakini sisi tunabaki kivulini." Kisha akalipeleka chungwa ng'ambo ya pili ya taa bila kubadilisha mwinamo wa sindano. Sasa pini ilikaa ndani ya mwanga hata alipolizungusha. "Na hapa ni Juni. Jua halizami. Wale wanaoishi katikati, kwenye Ikweta, mchana na usiku wao karibu hulingana mwaka mzima. Huo mwinamo ndio unaoleta majira. Bila huo, Julai na Januari zingekuwa kitu kimoja."

"Kwa hiyo jua halijaenda popote?" Eilif aliuliza.

"Halijaenda popote. Sisi ndio tuliogeuzwa. Na litarudi. Hilo halina labda."

Eilif alikaa na maneno hayo siku nzima. Tangu machipuko madaktari walikuwa wakisema labda. Labda dawa itafanya kazi. Labda hadi Krismasi. Hili lilikuwa jambo la kwanza lisilo na labda aliloambiwa kwa muda mrefu.

Jioni Jorid alikuwa tena mbele ya sahani iliyojaa. Eilif alichukua kiazi, akakichoma sindano ya kufumia ya mama yao, akachomeka njiti ya kiberiti karibu na juu, na kuwasha taa ya mezani. Alimwonyesha kila kitu kama alivyoonyeshwa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Jorid alisogeza kiti karibu.

"Sisi ndio hii njiti?"

"Ndio sisi. Nyumba yetu, shule, kila kitu."

"Tunakaa tu gizani."

"Sasa hivi. Lakini kiazi kinakwenda. Tazama, kinakwenda, kinakwenda, halafu jua linatufikia."

Jorid alitazama kwa makini. "Na Mama yuko wapi hapo?"

Eilif alishika kiazi bila kukizungusha. Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa, karibu na nyumba yao. Yalikuwa palepale chini ya ile njiti. Alijua analopaswa kusema, lakini alikuwa amechoka, na sahani bado ilikuwa imejaa. Akaweka kidole upande wa kiazi uliokuwa na mwanga.

"Yuko huku. Kwenye jua."

"Anafanya nini huko?"

"Anapumzika. Si alikuwa anaumwa?"

"Tukifika kwenye jua tutamkuta?"

"Ndiyo."

Jorid alikivuta kiti chake, akachukua uma, akala samaki wote na viazi vyote. Torleif aliporudi na kuona sahani tupu, alimwekea Eilif mkono kichwani. "Umefanyaje?"

"Nimemfundisha somo la leo."

"Vizuri," alisema baba yake. Hakuuliza zaidi.

Kuanzia hapo ilibidi kiazi kizungushwe kila jioni. Kilinyauka, wakachukua kingine. Jorid alikula, akalala vizuri, akaanza hata kubishana juu ya soksi. Eilif alijiambia kwamba atamweleza ukweli baada ya Krismasi. Krismasi ikapita. Alijiambia baada ya Mwaka Mpya. Lakini kadiri anga ya mchana ilivyoanza kuwa nyekundu upande wa kusini, ndivyo Jorid alivyozidi kuchangamka, na ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema.

Siku moja Ketil alimngoja mahali pa kuvalia viatu, mlangoni mwa darasa. Safari hii hakuwa na utani.

"Dada yako anawaambia wenzake kwamba mama yenu anarudi na jua. Nani kamwambia?"

"Hayakuhusu."

"Mama yako alikufa, Eilif. Mimi nilikuwepo kanisani."

"Nimesema hayakuhusu."

"Mwambie kabla jua halijarudi, kabla ya Siku ya Jua, basi. Usimwache afike pale hivyo."

Eilif alifunga kamba za viatu na kuondoka. Kwa siku kadhaa hakumsemesha Ketil, kana kwamba Ketil ndiye aliyedanganya.

Siku ya Jua, siku ambayo kijiji hulipokea jua linapoonekana tena, ilifika ikiwa na anga safi na baridi kali. Shule nzima ilipanda kilima kidogo kando ya kanisa. Walimu walileta maziwa moto ya kakao na maandazi yaliyojazwa jamu, kama kila mwaka. Chini ya nguo zake za theluji Jorid alikuwa amevaa gauni lake jekundu. Alipopewa andazi hakulila.

"La nani hilo?" Mwalimu Borghild alimuuliza.

"La Mama."

Mwalimu alimtazama Eilif. Eilif alitazama kusini.

Kwanza pengo la mlima likawa la dhahabu. Kisha ukingo mwembamba wa jua ukachungulia, na watoto wakapiga kelele, wakainua mikono, wengine wakafumba macho kwa sababu mwanga uliwachoma. Watu wazima walilielekea jua na nyuso zao zikawa na rangi. Jorid peke yake aliligeuzia jua mgongo. Alikuwa akitazama barabara inayotoka mjini. Barabara ilikuwa tupu.

Muda si mrefu jua likateleza tena nyuma ya mlima.

"Eilif. Yuko wapi?"

"Ngoja."

"Jua limefika na yeye hayupo. Yuko wapi?"

Wenzake walikuwa wanasikiliza. Ketil alikuwa hatua chache tu. Eilif alihisi uso wake ukiwaka. Nyuma ya shule kilele cha mlima wa kaskazini bado kilikuwa na rangi ya waridi, kwa kuwa mwanga hukaa juu baada ya kuondoka bondeni.

"Halijafika vizuri," alinong'ona. "Bado liko kule juu, huoni? Nenda kwa walimu sasa, niache kidogo."

Jorid alitazama kilele kwa muda. Kisha akaondoka na andazi lake, na Eilif akashukuru kwamba ameondoka.

Iligundulika kuwa Jorid hayupo watoto waliporudi darasani. Walitafuta vyooni, jikoni, nyuma ya kanisa. Karibu saa tisa giza lilikuwa limeshafunga na upepo umeanza kuvuma kutoka baharini. Torleif aliitwa, akaja na gari lake la theluji, taa ya manjano ikizunguka juu ya paa. Nusu ya kijiji ilikuwa uwanjani na tochi.

Torleif aliinama mbele ya mwanawe. "Eilif, wewe ndiye uliyezungumza naye mwisho. Alisema anakwenda wapi?"

Watu wote walimtazama. Kama angesema mlimani, wangeuliza kwa nini mlimani. Kama wangeuliza kwa nini, angelazimika kuutaja ule uongo wake mbele ya baba yake na mbele ya kila mtu aliyemzika mama yake.

"Sijui," alisema.

Basi wakaenda ufukweni, kwa sababu watoto hupenda kuteleza kwenye barafu karibu na boti, na kwa sababu maji ndiyo kila mtu anayoyaogopa kwanza. Eilif aliwafuata. Aliona tochi zikimulika kingo za gati. Aliona baba yake akiingia majini hadi magotini, akimulika chini ya boti, akiita jina la Jorid kwa sauti ambayo Eilif hakuwahi kuisikia. Upepo uliongezeka. Kila baba yake alipoita, hakuna aliyejibu, na Eilif alijua kwamba hakuna atakayejibu, kwa kuwa Jorid hayuko huko.

Akaingia majini, akamshika koti.

"Baba, hayuko huku. Amepanda mlimani."

"Umejuaje?"

"Amemfuata Mama." Meno yake yaligongana. "Nilimwambia Mama atarudi na jua. Halafu nikamwambia jua liko kule juu."

Torleif alimmulika usoni. "Pale shuleni ulijua?"

"Nilijua."

Eilif alingoja kibao au matusi. Havikuja. Baba yake aligeuka na kukimbia, akiwaita wanaume wenzake, maji yakimwagika kutoka kwenye buti zake.

Mlimani nyayo za Jorid zilikuwa zimeshafunikwa na theluji iliyopeperushwa na upepo. Walichokiona, wakiwa juu sana kuliko walivyodhani mtoto anaweza kufika, ni kizibao kinachong'aa. Jorid alikuwa ameegemea nguzo ya uzio wa kuzuia maporomoko ya theluji. Hakuwa analia, maana mtu akishapoa sana huacha hata kulia. Mkono mmoja haukuwa na glavu. Ulikuwa umeshika andazi, na ulikuwa mweupe kama mshumaa.

"Mwanga ulikuwa unapanda," alimwambia baba yake kwa ulimi mzito. "Kila nikifika, umeshapanda."

Helikopta ilimpeleka mjini. Madaktari waliuokoa mkono, lakini ncha za vidole viwili haikuwezekana kuziokoa. Torleif na Eilif walipewa habari hiyo kwenye korido, katika hospitali ileile waliyokuwa wameikimbia Novemba. Kisha daktari akaondoka.

"Ningesema mara ya kwanza, wangeziokoa?" Eilif aliuliza.

Torleif alikunja mikono yake mikubwa. "Sijui. Daktari hakusema. Lakini tulikaa sana ufukweni, na baridi haikutusubiri. Siwezi kukwambia kwamba haikuleta tofauti."

Eilif alilia akiwa ameinamisha kichwa. Baba yake hakumwambia anyamaze.

"Ulidanganya mara tatu," Torleif alisema baadaye. "Mezani, kilimani, na mbele yangu. Ya mezani naijua ilikotoka. Mtoto aliuliza, na mimi nilikuwa natoka nje kila anapouliza. Nilikuachia mzigo wangu, ukaubeba ulivyoweza. Hilo ni langu. Ya mwisho ni yako. Pale uliogopa aibu kuliko ulivyoogopa kumpoteza."

"Ndiyo, Baba."

"Twende. Safari hii nitasema mimi."

Jorid alikuwa macho, mkono wake umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Torleif alikaa kitandani, akavua koti lake.

"Jorid, Mama amekufa. Alikuwa mgonjwa sana, mwili wake ukashindwa. Tumemzika nyuma ya kanisa. Harudi."

Jorid alimtazama baba yake, kisha Eilif. "Hata dunia ikizunguka?"

"Hata ikizunguka."

"Mara nyingi?"

"Hata mara nyingi."

Alilia mpaka muuguzi akaja. Alilia tena alfajiri. Eilif alipojaribu kumshika mkono mzima, aliuvuta. "Wewe toka," alisema, na Eilif akatoka.

Haikuisha upesi. Waliporudi nyumbani Jorid hakuamini lolote alilosema kaka yake, hata kama ni kwamba maziwa yako kwenye friji. Alikwenda kuhakikisha mwenyewe. Eilif hakulalamika. Kila alipoulizwa jambo alijibu kama lilivyo, na asilolijua alisema halijui. Torleif naye alianza kula bila koti, na jioni alimtaja Ragna kwa jina. Mwanzoni ilimshinda, sauti ikakatika, lakini kesho yake alijaribu tena.

Mwezi Machi, siku ambazo mchana na usiku hulingana, walikwenda watatu makaburini. Theluji ilikuwa bado nyingi, ikabidi Torleif aichimbe kwa koleo hadi msalaba wa mbao ukaonekana. Jorid alisoma jina la mama yake herufi kwa herufi. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Mwaka huu giza litarudi tena?"

Eilif alitamani kusema halitarudi. "Litarudi. Novemba."

"Na jua?"

"Jua nalo litarudi."

"Na vidole vyangu?"

"Havitarudi, Jorid."

"Na Mama?"

"Harudi."

Jorid aliitikia kwa kichwa polepole. "Najua. Nilitaka kuona kama utasema."

Torleif alichomeka koleo kwenye theluji. "Sikilizeni, wote wawili," alisema. "Kuna vitu vikiondoka hurudi, na kuna vitu vikiondoka vimeondoka. Mtoto anaweza kuvumilia giza akiambiwa lina mwisho. Anaweza kuvumilia hata kifo akiambiwa ni kifo. Asichoweza ni kuishi bila kujua kipi ni kipi, kwa sababu atakwenda kukitafuta mwenyewe, mahali ambapo hatuwezi kumfikia kwa wakati. Kwa hiyo nyumbani kwetu tutaambiana ukweli, hata ule unaouma, na mimi nitakuwa wa kwanza."